Usifunike cha Zamani: Somo juu ya Silikoni ya Dushi

Somo letu safari hii si juu ya dawa wala sindano. Ni juu ya kona moja ndogo ya nyumba, mahali ambapo ukuta wa dushi unakutana na sakafu. Watu hupita hapo kila siku wala hawapatazami. Lakini mwenye kutunza kituo cha afya imempasa kupatazama, kwa maana maji yakipata njia hapo, hufika mbali kuliko tunavyofikiri.

Jambo hili nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ninasimamia maternite ndogo katika milima ya Masisi. Dushi ya wamama ilikuwa na ukuta mmoja pamoja na chumba chao cha kulala. Silikoni ya kona ilikuwa imegeuka nyeusi, na mahali pengine ilikuwa imeachana na makaro. Tulikuwa tukingoja wageni wa ukaguzi. Mkononi nilikuwa na tyubu moja tu ya silikoni nyeupe. Basi nikapangusa kona kwa kitambaa, nikapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Kwa saa moja kazi ikaisha, kona ikang'aa. Wageni wakapita, wakasifu usafi wetu, nami nikazipokea sifa hizo.

Hazikupita wiki nyingi, mama mmoja aliyejifungua akaniita asubuhi. Akasema, "Muganga, huu ukuta unalia usiku." Mimi nikafikiri ni baridi ya mlima tu. Lakini nilipoweka mkono, ukuta ulikuwa umelowa. Nikageuza godoro lake. Upande wa chini palikuwa na koga nyeusi, upana wa mikono miwili. Na juu ya godoro lile alikuwa amelala mtoto wa siku 3.

Nikarudi dushini, nikaivuta ile silikoni yangu mpya kwa ukucha. Ikatoka yote kwa mara moja, kama ngozi anayoivua nyoka. Chini yake ile ya zamani ilikuwa palepale, nyeusi na yenye maji. Ndipo nikajua ya kuwa sikuwa nimeitengeneza dushi. Nilikuwa nimeificha tu.

Tukamhamisha mama yule na mtoto wake, tukaliondoa godoro. Mtoto hakuugua, lakini siwezi kusema ya kwamba ni kwa akili yangu. Kisha nikamwita fundi mmoja mzee wa kijiji. Alitazama kona, akaniuliza, "Muganga, wewe hufunga kidonda chenye usaha bila kukiosha?" Nikajibu, "Hapana, Mzee." Akasema, "Basi, na hii ni vilevile." Neno lake ndilo somo letu lote.

SILIKONI NI KITU GANI, NA KAZI YAKE NI NINI?

Silikoni ni dawa laini kama ugali mwepesi, inayotoka katika tyubu na kugeuka kuwa mpira. Haikauki kama udongo unavyokauka juani. Hushika kwa unyevu ulio hewani, ikianzia juu na kwenda ndani polepole, kadiri ya milimita 2 au 3 kwa siku moja.

Kwa nini tusijaze kona kwa simenti? Kwa sababu ukuta na sakafu havikai kimya. Jua likipiga hupanuka. Baridi ikija husinyaa. Mtu akisimama, sakafu hubonyea kidogo. Nasi tunakaa karibu na milima ya moto. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi, na kuta nyingi za Goma zikapasuka. Simenti katika kona ni ngumu, kwa hiyo hupasuka. Silikoni ni mpira, hivyo huvutika na kurudi, maji yasipate njia.

Lakini mpira huu nao huzeeka. Sabuni na mafuta ya mwili hukaa juu yake. Koga huota juu, kisha huingia ndani, wala hakuna kusugua kutakakoitoa huko. Mwisho silikoni hujitenga na ukuta. Ufa ulio mwembamba kama uzi unatosha kupitisha maji usiku na mchana.

HATARI YA MAJI YALIYOJIFICHA

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha maongozi juu ya unyevu na koga ndani ya nyumba. Kinaonyesha ya kuwa watu wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na koga hupata zaidi kikohozi, kubanwa na kifua, na ugonjwa wa pumu. Basi fikirini juu ya kituo cha afya. Wanaolala humo ni wagonjwa, wazee na watoto wachanga. Tena mahali penye maji siku zote hukaa vijidudu kama vile Pseudomonas, vinavyoweza kuingia katika vidonda na kuwadhuru watoto wachanga.

Huku kwetu hatari hii ni kubwa. Masisi ni milima yenye mvua, ukungu na baridi, na chumba kilicholowa hukawia kukauka. Walikale ni pori la chini lenye joto na mvua nyingi, na joto likikutana na unyevu, koga hufurahi. Tena nyumba nyingi za Masisi ni za mbao. Maji yakifika kwenye mbao, huoza polepole bila kelele.

KWANZA, JUENI MAJI YANATOKA WAPI

Msinunue kitu kabla ya kujua ugonjwa ni upi. Fungeni dushi siku moja, kona ikauke. Kisha mwageni maji sakafuni kwa ndoo, bila kufungua robine. Ukuta wa upande wa pili ukilowa, lawama ni ya kona au ya sakafu. Usipolowa, fungueni robine, mtazame tena. Ukilowa sasa, chunguzeni mpira wa maji ulio ndani ya ukuta, maana huenda umetoboka. Silikoni haiponyi mpira wa maji uliotoboka.

VITU VYA KUTAYARISHA

1. Silikoni ya dushi, ile yenye dawa ya kuzuia koga. Someni maandiko ya tyubu. Ziko za namna mbili. Ya kwanza hunuka kama siki wakati wa kushika. Ni njema kwa makaro na kioo, lakini haipatani na simenti tupu, tena hula chuma. Ya pili hainuki siki. Hiyo hufaa kwa simenti na chuma pia. Kama sakafu yenu ni ya simenti bila makaro, ombeni ya namna ya pili.

2. Tazameni tarehe ya mwisho. Tyubu iliyopitwa na wakati haitashika vizuri. Itabaki laini na yenye kunata. Ni hasara kutumana Goma, kungoja njia ifunguke, kisha kuletewa tyubu iliyokufa.

3. Pimeni kabla ya kununua. Ufa wenye upana wa milimita 6 na kina cha milimita 6 hutumia mililita 36 kwa kila mita. Tyubu ya mililita 300 hutosha mita 8 hivi.

4. Pistole ya kukamulia tyubu, kisu chembamba chenye makali, kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, karatasi ya kunata ya kuziba kando, vitambaa safi, alkoli, na glovu.

KUONDOA ILE YA ZAMANI

Hapa ndipo kazi ilipo. Mtu akifanya haraka hapa, yote yatakayofuata ni bure. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Hushika juu ya makaro safi na makavu tu.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka sheria ya nyumba yenye pigo, katika Mambo ya Walawi sura ya 14. Kuhani hakuagiza ipakwe chokaa juu ya doa. Nyumba ilifungwa siku 7. Kisha mawe yenye pigo yakatolewa, kuta zikakwanguliwa ndani pande zote, na vilivyokwanguliwa vikatupwa nje ya mji. Hapo ndipo udongo mpya ulipopakwa. Utaratibu ule ndio huu wetu.

Kateni kwa kisu mara mbili: mara moja kufuata ukuta, mara moja kufuata sakafu. Mwelekeze kisu mbali na vidole vyenu. Kisha shikeni mwisho mmoja wa silikoni na kuuvuta polepole. Itatoka kama kamba. Palipobaki vipande, kwangueni kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma hukwaruza makaro, na mkwaruzo huwa shamba la koga.

Sasa pitisheni kidole kwenye kona yote. Palipobaki silikoni, kidole kitasikia kitu kama mpira mwembamba kinachoviringika. Rudieni kukwangua mpaka kidole kisikie makaro matupu. Msitumie petroli wala mafuta ya taa. Petroli yaweza kuwaka ndani ya chumba, na mafuta ya taa huacha utelezi ambao silikoni mpya haitaushika.

Mabaki tieni katika shimo la takataka. Wembe au kisu kilichovunjika kitieni katika sanduku la sindano na vyenye makali, mfagiaji asije akakatwa.

KUUA KOGA

Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulituzoeza maji ya klorini. Wengi twajua kutayarisha maji ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo, na ya asilimia 0.05 kwa mikono. Kwa kona hii tumieni yale ya asilimia 0.5. Vaeni glovu, fungueni dirisha, loweni kona, ngojeni dakika 10, sugueni kwa brashi, kisha suuzeni kwa maji mengi.

Angalieni sana! Klorini au javeli isichanganywe kamwe na siki, ambayo wengi wetu huita vinegre, wala na dawa nyingine ya kusafishia yenye ukali. Hutoka hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Wengine hutumia siki kuondoa chumvi nyeupe ya maji. Ni vema, lakini siku nyingine, na baada ya kusuuza vizuri. Tena katika dushi nyingi watu hukojoa. Mkojo na klorini navyo hutoa hewa mbaya. Basi osheni sakafu kwa maji matupu kwanza.

KUKAUSHA

Silikoni haishiki mahali penye maji. Pangusa kona kwa kitambaa kikavu, kisha fungeni dushi siku nzima, na milango na madirisha yakiwa wazi. Kwa baridi ya Masisi, au majira ya mvua nyingi Walikale, ngojeni siku 2. Mwisho sukumeni kipande cha karatasi laini ndani ya ufa. Kikitoka kimelowa, ngojeni tena.

Msilete mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha upesi. Moto wa makala hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Tumepata kuona watu waliolala na mbabula na hawakuamka. Ni heri kungoja.

Wakati huu wote tafuteni mahali pengine pa kuogea kwa wamama. Wekeni mabeseni na maji ya moto katika chumba chenye faragha, mkawaambie mapema ni siku ngapi. Msipofanya hivyo, mtu atafungua dushi usiku, na kazi yote itaharibika. Wala si kosa lake. Mama aliyejifungua lazima aoge.

KUWEKA SILIKONI MPYA

Panguseni kona kwa kitambaa chenye alkoli, mkaiache ipotee. Msiwashe moto karibu. Kama ufa ni wa kina kirefu, jazeni chini kwa kamba ya sponji, ili silikoni ishike pande mbili tu, ukuta na sakafu. Ikishika na chini pia, haiwezi kuvutika, nayo itapasuka.

Bandikeni karatasi ya kunata juu ya ufa na chini yake, mistari miwili iliyonyoka. Kateni ncha ya tyubu kwa mshazari, tundu lisizidi upana wa ufa. Anzeni pembeni, mkamue kwa nguvu iliyo sawa, mkienda bila kusimama mpaka mwisho. Msijaze mno. Kisha chovyeni kidole chenye glovu katika maji ya sabuni, mkilainishe kile mlichokamua kwa mara moja tu. Msimwage maji ya sabuni kabla ya silikoni kutoka, maana yakiingia chini yake haitashika.

Ondoeni karatasi ya kunata papo hapo, silikoni ikali laini. Mkikawia, ngozi itajitengeneza juu, na karatasi itaing'oa. Silikoni iliyogusa mikono ipanguseni kwa karatasi kavu kwanza, kisha sabuni.

Tundu la kutolea maji msilizibe hata kidogo, wala mtiririko wa sakafu msiuzuie. Maji lazima yawe na njia yake halali. Yakikosa, yatajitafutia nyingine.

KUNGOJA

Baada ya saa moja kona itaonekana kuwa imekwisha kushika. Msidanganyike. Ni ngozi ya juu tu. Acheni saa 24 bila maji hata tone. Kama ni baridi, au mstari ni mnene, acheni siku 2 au 3, na mfuate maandiko ya tyubu kama yanataka zaidi. Fungeni mlango na kuandika juu yake siku ya kufungua.

KUITUNZA

Kila jioni mfagiaji apanguse kona kwa kitambaa kikavu. Dirisha la dushi libaki wazi. Mara moja kwa juma kona ioshwe kwa sabuni. Mara moja kwa mwezi msimamizi mwenyewe ainame, aibonyeze kwa kidole toka mwanzo hata mwisho. Asitume mtu. Palipoachana paondolewe na kutengenezwa kabla hapajawa na safari ndefu.

NA NYUMBANI JE?

Labda mwasema, "Sisi hatuna makaro wala silikoni. Twaogea nyuma ya nyumba, juu ya mawe, ndani ya uzio wa mbao." Hata hivyo kanuni ni moja. Ufa wa sakafu ya simenti usipakwe simenti mpya juu ya uchafu. Uchimbwe, usafishwe, uloweshwe maji safi, kisha ujazwe, maana simenti yataka unyevu ili ishike, tofauti na silikoni. Maji ya kuoga yapewe mfereji uendao kwenye shimo la kokoto, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na kisima. Ubao uliooza uondolewe, usipakwe rangi.

Ile maternite yetu tuliitengeneza upya pamoja na yule fundi mzee. Ilichukua siku 6, wala si saa moja. Wamama waliogea katika mabeseni, wengine wakanung'unika, nasi tukawaomba radhi. Baada ya miezi kadhaa nikaweka mkono wangu juu ya ukuta wa chumba cha kulala. Ulikuwa mkavu. Hakuna mgeni wa ukaguzi aliyeona jambo hilo. Lakini kila mtoto aliyelala karibu na ukuta ule alilala pakavu.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini silikoni mpya haiwezi kuwekwa juu ya ile ya zamani?
2. Utajuaje kama maji yanatoka katika kona au katika mpira wa maji?
3. Ni vitu gani visivyochanganywa kamwe na klorini?
4. Kwa nini ni hatari kukausha chumba kilichofungwa kwa mbabula?
5. Ni nani aliyepewa kazi ya kubonyeza kona kila mwezi katika kituo chenu? Kama hakuna, ni nani ataanza mwezi huu?